Yaya, usiku unalalaje?

Goma, Jumapili tarehe 17 Agosti 2025

Kesho ndiyo tarehe 18 waliyoiandika kule Doha, Qatar. Mwezi uliopita, tarehe 19 Julai, wajumbe wa serikali ya Kinshasa na wa waasi wa M23, walioushika mji wetu, walitia saini tamko lao na kusema mkataba kamili wa amani utakuwa tayari kufikia kesho. Leo baada ya ibada watu hawakuwa na habari nyingine. Langoni mwa kanisa, juu ya pikipiki, kwa mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, swali lilikuwa hilohilo: watasaini? Na wakisaini, itakuwaje? Tarehe 27 Juni mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini karatasi nyingine Washington, na baada ya hapo bunduki hazikunyamaza Masisi wala Walikale. Kwa hiyo watu wanauliza, lakini wanauliza wakiwa wameshazoea kusubiri.

Swali lililonifanya nikae kuandika ni jingine. Lilitoka kwa binamu yangu, aliyevuka mpaka na watoto wake akaishia kambi ya Nakivale, Uganda. Aliniandikia hivi tu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, usiku unalalaje?" Nikamjibu, "Kwa neema." Kisha nikaona jibu hilo ni fupi mno kwa mtu aliyeuliza kutoka moyoni, tena kwa mtu ambaye mwenyewe halali. Hili hapa ni jibu refu.

Binamu, unakumbuka ile wiki ya mwisho ya Januari. Minova ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 21, Sake ikafuata, gavana akafa kwa majeraha aliyoyapata mstari wa mbele, na hapo hata waliokuwa wakijikaza wakaanza kufunga mizigo. Usiku wa Jumapili tarehe 26 mapigano yaliingia mjini. Umeme haukuwepo, maji hayakuwepo, intaneti ikaondoka nayo. Wewe unazijua nyumba zetu: mbao juu ya mawe ya volkano, na mbao haizuii risasi. Tulilala sakafuni kwenye korido, watoto katikati, watu wazima pembeni, magodoro yamesimamishwa upande wa dirisha.

Niliomba, bila shaka niliomba. Niliomba Zaburi ya 91 yote ninayoijua, niliomba damu ya Yesu juu ya bati, juu ya mlango, juu ya kila kichwa. Na kila bomu lilipoanguka, sala ilikatika katikati. Nikaanza upya. Ikakatika tena. Ikafika saa ambayo sikuwa nikiomba tena, nilikuwa nikirudia maneno ili nisisikie.

Mama mkwe alikuwa kando yangu. Huyu ni mtu aliyezaliwa Rutshuru, aliyeona wakimbizi wa 1994 wakifa kwa kipindupindu barabarani, akaona vita vya 1996, vya 1998, akaona lava ya Nyiragongo ikikata mji huu vipande Januari 2002, akaona M23 wakiingia kwa mara ya kwanza Novemba 2012, akaona mlima ukilipuka tena Mei 2021. Yeye hakuomba kama mimi. Alikuwa akisema mstari mmoja, mwanzo wa Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau?" Akanyamaza. Akausema tena. Hakuusema kwa unyonge. Aliusema kama mtu anayedai deni lake mbele ya mashahidi.

Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hatumkosei Mungu kusema naye hivyo usiku huu?"

Akanijibu, "Mwanangu, yeye ndiye aliyetuandikia. Kama hakutaka tuulize, angetuachia nyimbo za furaha peke yake."

Nikajiunga naye. Sijui tulisema mara ngapi. Naweza kukuambia kilichotokea kwangu bila kuongeza chumvi. Hofu haikuondoka, miguu yangu ilitetemeka mpaka alfajiri. Lakini akili ilitulia. Nilianza kuona tena: nikajua maji yaliyobaki yatatosha nani, nikakumbuka dawa ya presha ya mama, nikamsikia mtoto wa jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta nikamwita mama yake waje kwetu. Kabla ya hapo nilikuwa na mwili tu uliokuwa ukisubiri kupigwa. Kuanzia saa ile nilikuwa mtu, mbele ya Mungu ambaye niliruhusiwa kumwuliza.

Huo ndio mwanzo wa usingizi wangu, binamu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mwenye imani haulizi, na kwamba machozi mbele za Mungu ni dalili ya shaka. Sasa naziona Zaburi kwa macho mengine. Nyingi zao ni vilio. Watu walioziimba walikuwa wamezingirwa, wamesalitiwa, wamefukuzwa makwao, na walimletea Mungu yote hayo bila kuyapamba. Na yale maneno tunayoyaandika kwenye kuta za sebule, "Amani nawaachieni, amani yangu nawapa", Bwana aliyasema usiku uleule ambao askari walikuwa njiani kuja kumkamata. Paulo aliwaandikia Wafilipi kuhusu amani ipitayo akili zote akiwa amefungwa minyororo. Zamani nilisoma mistari hiyo nikidhani ni ya watu waliokwisha kuvuka mto. Ni ya watu walio katikati ya maji.

Kwa hiyo nina ugomvi, na nitausema waziwazi, na wale waliosimama mimbarani baada ya vita wakatuambia kwamba waliopona walikuwa wamefunikwa kwa maombi. Umoja wa Mataifa ulitaja karibu watu 3,000 waliouawa ndani ya siku zile za Goma. Je, hao walikuwa hawaombi? Wapo waliouza mafuta ya kupaka milango. Wapo waliosema bomu haliwezi kuanguka kwenye boma la mtu anayetoa zaka. Na mwezi uliopita tu, usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai, waasi wa ADF waliingia Komanda, kule Ituri, wakawakuta Wakristo kanisani wakikesha, wakawaua. Zaidi ya watu 40. Walikuwa katika sala. Mtu akija kwangu na kuniambia kwamba imani ni ngao inayozuia risasi, namwomba aende Komanda akayaseme hayo mbele ya akina mama wa pale. Kristo mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kimwondokee, na hakikuondoka. Mwanafunzi si mkuu kuliko mwalimu wake.

Amani iliyosimama juu ya ahadi kwamba sitaguswa ingekufa siku ile tulipompata mpwa wangu.

Unajua habari yake, sitaiandika yote hapa. Risasi ilipita kwenye mbao. Alikuwa amekaa, hakuwa hata amesimama. Tulimzika haraka, bila kilio cha siku nyingi, bila watu kulala kwetu, kwa sababu kila familia ilikuwa na wa kwake na barabara hazikuwa salama. Dada yangu hakulia. Mimi nililia sana, halafu siku moja machozi yakakauka na kikaingia kitu kingine.

Hapa ndipo jibu langu linapokuwa gumu, kwa maana adui mkubwa wa usingizi wangu baada ya Februari hakuwa mabomu. Mabomu yalinyamaza mjini. Ilikuwa chuki. Chuki ina nguvu, inampa mtu kazi ya kufanya gizani. Nilikuwa nalala chali nikitunga maneno ya kumwambia aliyefyatua, na kwa kuwa simjui, nilimpa uso wa kila mtu niliyemwona amebeba silaha, baadaye uso wa kila mtu anayeongea lugha fulani. Vita vya Kivu vinatutaka sisi sote tufike hapo. Vinataka mtu amwangalie jirani puani na urefuni, akitafuta kabila lake, badala ya machoni.

Katika kwaya yetu kuna Wanande, Wahunde, Washi, Wahutu, na kuna dada mmoja Mtutsi wa Masisi anayeimba sauti ya kwanza. Ameimba nasi miaka na miaka. Nguo zake za kwaya nimezishona mimi mwenyewe, najua upana wa mabega yake. Mji ulipoanguka, kwa kuwa M23 wanahesabiwa kuwa kundi la Watutsi, watu walianza kumwambia sokoni, "Ndugu zako wamefika, furahi basi." Mwingine alimtemea mate. Hakuna aliyetaka kujua kwamba ng'ombe wa mama yake walikwisha chinjwa na kundi lingine la silaha, kwamba kaka zake wametawanyika, kwamba mama huyo mzee hajulikani yuko kijiji gani. Yule dada akaacha kuja. Na kwenye kwaya wapo waliosema ni heri.

Tulikaa kikao. Ninavyowajua watu wetu, nilidhani tutaimba wimbo, tutafunga kwa sala na kuliacha jambo jinsi lilivyo. Lakini mwalimu wetu wa kwaya alifungua Mathayo 5:44, akasoma: wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi. Akafunga Biblia. Akasema, "Hapo Bwana anazungumza juu ya adui. Huyu dada hata si adui. Kama hatumwezi huyu, tutaanzia wapi?" Watu wengine walikasirika wakatoka, na wawili kati yao hawajarudi mpaka leo. Mimi nilikaa, na ndani yangu kulikuwa na moto, kwa sababu kaburi la mtoto wa dada yangu lilikuwa bado udongo mbichi, na hapa naambiwa nipende.

Tulikwenda kwake watu wachache, tumebeba sombe, yaani majani ya muhogo, na unga wa muhogo. Akafungua mlango nusu. Alikuwa amekonda. Akatutazama mmoja mmoja akauliza, "Mmekuja kuniuliza nini?"

Mwalimu akamjibu, "Hatukuja kuuliza. Tumekuja kukuambia mazoezi ni Jumamosi saa tisa."

Alibaki ameshika mlango. Kisha akaniangalia mimi, kwa sababu alikuwa amesikia. Akasema, "Mama, pole kwa mtoto." Hakuna mtu aliyeniambia pole kwa namna ile. Tulishikana pale mlangoni, tukalia wote wawili, yeye akilia wa kwake na mimi wa kwangu. Hakuja Jumamosi ile, wala iliyofuata. Alirudi kabla ya Pasaka. Sauti ya kwanza ilikuwa imepwaya bila yeye, na siku hiyo ilipanda.

Sitaki uelewe kwamba nimekwisha kusamehe. Kuhusu dada wa kwaya hakukuwa na la kusamehe, ilikuwa haki yake tumfuate. Aliyefyatua ni jambo lingine. Huyo namwombea kila usiku kwa sababu Bwana ameagiza, na namwombea bila kuhisi chochote. Nasema, "Baba, yule mtu, unamjua, mrudishe kwako, na umzuie asiue tena." Sala hiyo ni kavu. Nilimlalamikia mama mkwe kuhusu ukavu huo, akasema hata shamba kavu linalimwa, mvua si kazi ya mkulima. Basi nalima. Na kuna kitu nimekigundua: siku ninayosema sala hiyo, uso ule niliombunia unapungua ukali, na usiku sitoki naye kwenda kupigana. Nalala.

Sasa kuna watu wataniambia, na wameshaniambia, kwamba haya ni maneno ya kuwalegeza watu. Kwamba mnyonge akipata amani moyoni, mkubwa anafurahi. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa wametuona miaka mingi tukiimba huku tukiibiwa. Lakini nina jibu, nalo lilizaliwa hapahapa Goma. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana Mkatoliki, wa Jumuiya ya Sant'Egidio, mtu aliyewahudumia maibobo, watoto wetu wa mitaani. Kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa vyakula vinavyoingia mpakani. Walimletea rushwa apitishe chakula kilichoharibika, akakataa. Wakaongeza, akakataa. Julai 2007 walimteka wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Mwaka huu, tarehe 15 Juni, alitangazwa Mwenyeheri kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, na jirani yangu Mkatoliki aliniita tukaangalia kwenye simu yake, sisi na watoto wote wa uani. Mimi ni Mprotestanti, sikuzoea mambo ya wenyeheri, lakini nililia kwa fahari. Kijana wa mji huu, wa mpaka huu ambao kila mtu anajua kinachopitishwa pale.

Je, alilegea? Mtu mwenye hofu angesaini. Mtu aliyekula rushwa angelala na fedha chini ya mto. Naamini Floribert alikuwa na ile amani ninayoiongelea, na ndiyo iliyompa mgongo wa kusema hapana. Amani ya Kristo haikumnyamazisha. Ilimwondolea tu sababu ya kuogopa wale waliotaka anyamaze. Papa Francis alipokuja Kinshasa mwaka 2023 aliwatajia vijana, mbele ya uwanja mzima, kielelezo hicho hicho, na mimi nataka watoto wangu wakijue kabla hawajajua majina ya majenerali.

Ndiyo maana pia sikuungana na waliowatukana maaskofu wa Katoliki na viongozi wa Kanisa la Kristo Kongo walipokuja hapa Februari kuzungumza na walioushika mji, na kesho yake wakaenda Kigali. Waliitwa wasaliti. Lakini mtu mwenye moyo uliochemka hawezi kuketi meza moja na aliyemuumiza akamwambia ukweli usoni. Ama atapiga, ama atabembeleza. Natamani kule Doha wangekuwepo watu wa namna hiyo wengi zaidi.

Mambo mengine ni madogo, nitayapita upesi. Simu naizima saa mbili usiku, kwa sababu makundi ya habari huwa hayalali na nusu ya yanayotumwa ni uongo. Kazi inasaidia: benki nyingi zimefungwa tangu Januari na fedha ni shida, lakini cherehani ipo, na nina wasichana wanaojifunza kwangu, wengine wao walitoka kambi zile za waliokimbia vita, Bulengo na Mugunga, zilizobomolewa Februari. Asubuhi kabla hatujashona tunasoma zaburi moja kwa zamu, kila msichana anachagua yake. Wanachagua za vilio. Siwazuii, wala siharakishi kuwaonyesha mwisho wake wenye sifa. Mmoja alisoma Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani kabisa, akafunga kitabu, akatia uzi kwenye sindano. Tukaanza kazi.

Basi, binamu, ndivyo ninavyolala. Si kila usiku. Kuna usiku pikipiki ikipita mbio naruka kitandani.

Nami naomba mniombee huko Nakivale, mnapokutana chini ya turubai lenu la ibada. Msiombe kwa jumla, "Bwana, ikumbuke Kongo." Semeni majina. Waombeeni wajane wa Komanda. Muombeeni mama wa yule dada wa kwaya, simu yake haipatikani tangu Julai. Waombeeni wanaokaa Doha kesho, walio upande wetu na walio upande mwingine, waone aibu kuchelewa. Na mwombeeni dada yangu. Hajaingia kanisani tangu tulipomzika mtoto, na mimi simlazimishi, kila Jumapili baada ya ibada napita kwake tunakula pamoja. Leo kwa mara ya kwanza aliniuliza mhubiri alisema nini. Nikamwambia alihubiri juu ya Ayubu. Akauliza, "Ayubu alijibiwa?" Mtajeni kwa jina lake mbele za Mungu, mumwambie kuna mama wa Majengo, hapa Goma, anayesubiri jibu.